Kilabu kizuri Holili ni kile kisichoogopwa na waliobaki nyumbani

UKITOKA Moshi mjini kwenda Holili ni mwendo wa takriban kilomita 40. Njia yote ni ya lami, na mlima uko upande wako wa kushoto karibu safari nzima. Pale Himo barabara zinaachana. Moja inashika Same na Korogwe hadi Dar es Salaam, moja inapanda Marangu na Mwika kwenda Rombo ya juu, na nyingine inaelekea mpakani. Ukiifuata hii ya mpakani, migomba inakuaga. Ardhi inakuwa kavu, joto linapanda, na mashamba ya mahindi yanachukua nafasi ya vihamba. Mawenzi, kilele chenye meno ambacho ukiwa Moshi unakiona kwa mbali pembeni mwa Kibo, sasa ndicho kinachokutazama.

Holili ni sehemu ya Wilaya ya Rombo, na ng'ambo yake ni Taveta, Kenya. Mpaka huo ulianzia katika makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1886, yaliyouacha mlima upande wa Wajerumani. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari walipita hapa, na mwaka 1916 walipigana katika vilima vya Latema na Reata, karibu na Taveta. Leo wanaopita ni madereva wa malori na utingo wao, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, vijana wa bodaboda, na akina mama wenye mizigo ya ndizi, maharage na vitunguu. Mwaka 2016 kilizinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani. Mtu anakaguliwa mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, badala ya kupanga foleni kila upande.

Mji wa namna hii una kiu nyingi. Kuna kiu ya dereva aliyeendesha tangu alfajiri, kiu ya kijana aliyebeba magunia mchana kutwa, na kiu ya mzee ambaye hakufanya kazi yoyote leo lakini nyumbani kuna ukimya asioweza kukaa nao. Wote hao jioni wanatafuta mahali. Na sisi wa ukurasa huu wa familia tunapaswa kuuliza swali ambalo huwa tunaliacha kwa wanywaji wenyewe: mahali hapo pakoje? Maana wanaokunywa ni wachache, lakini wanaosubiri mlango ubishwe usiku ni wengi.

Kunywa na kukaa

Katika Kiswahili chetu cha kila siku, watu wawili wakitaka kunywa pamoja hawasemi "twende tukanywe". Wanasema "twende tukakae mahali". Kesho yake ukiuliza walikuwa wapi, utajibiwa "tulikaa pale kwa mama fulani". Neno hilo limebeba hekima. Kinachotafutwa ni kikao, na kinywaji kinakuja kama sababu ya kukaa.

Katika mji wa mpakani tofauti hii inaonekana waziwazi. Kando ya barabara kuu ziko baa za wapita njia. Viti ni vya plastiki, bia ni za chupa, muziki uko juu, na kila mmoja ana jicho moja kwenye gari lake. Hakuna ubaya ndani yake, ila hapo ni mahali pa kupoza koo. Mhudumu hakujui, jirani yako mezani hakujui, na ukizidisha hakuna wa kukuuliza, kwa kuwa kesho hutakuwepo.

Ukiingia ndani mitaani, nyuma ya nyumba za watu, ndiko viliko vilabu. Kilabu ni mabenchi ya mbao yaliyozunguka uwanja, paa la mabati, jiko la kuni pembeni, na pipa au ndoo kubwa zilizofunikwa. Hakuna kibao kikubwa mlangoni. Kinajulikana kwa jina la mama mwenye nacho, na ukimuuliza mtoto yeyote atakuelekeza. Wanaokaa hapo ni wale wale, jana na leo, na hapo ndipo uzuri wa kilabu unapoanzia.

Mbege ina kipimo chake

Holili yenyewe haina migomba mingi kama Marangu au Mkuu. Ndizi za pombe zinashushwa kutoka juu, au zinanunuliwa kwenye masoko kama la Himo. Pamoja na hayo, mbege ndiyo pombe ya nyumbani kwa Mchaga, awe juu mlimani au huku tambarare, na anayetaka kuelewa kilabu inambidi aielewe mbege kwanza.

Ndizi huivishwa, humenywa, kisha huchemshwa kwa saa nyingi hadi zibadilike rangi na kuwa nyekundu ya kahawia. Huwekwa kwenye chombo na kufunikwa siku kadhaa zichache, halafu hutiwa maji na kuchujwa. Pembeni, ulezi ulioloweshwa ukachipua huanikwa na kusagwa kuwa kimea, na kimea hupikwa uji. Uji ukipoa unachanganywa na yale maji ya ndizi. Magome ya mti wa msesewe huongezwa ili kuleta ule uchungu unaozuia utamu usikinai. Kikilala usiku mmoja, kesho yake ni mbege, nzito, yenye chenga za ulezi, nusu kinywaji na nusu chakula.

Kazi hiyo yote inachukua karibu wiki nzima, wakati mwingine zaidi. Na mbege ikishaiva haina subira. Leo ni tamu, kesho ni kali, keshokutwa wengi hawaitaki. Kwa hiyo mpishi anapika kiasi anachojua kitaisha, na katika mitaa mingi akina mama hupokezana zamu, wiki hii kwa huyu na wiki ijayo kwa yule. Pipa likiisha limeisha. Mama anafunika ndoo, anazima jiko, na watu wanaondoka bila kufukuzwa.

Hapo ndipo mbege inapotofautiana na chupa ya pombe kali iliyo kwenye rafu. Chupa haichachi, na ikiisha iko nyingine nyuma yake. Duka haliishiwi, anayeishiwa ni mteja: fedha, nguvu, na mwisho heshima. Kinywaji chenye mwisho wake humsaidia hata mtu asiye na kiasi. Hii haina maana kwamba mbege haileweshi. Inalewesha, na wapo iliowaharibia maisha. Lakini ilizaliwa na breki, na kilabu kizuri hakizing'oi breki hizo.

Adabu ya kata

Zamani mbege ilinywewa kwa kata ya kibuyu, na kata moja ilizunguka watu wengi. Siku hizi kwa sababu ya usafi wengi wanapendelea kila mtu na kikombe chake, na ni jambo jema. Hata hivyo adabu za kata zimebaki, na mgeni akizizingatia ataona kilabu kikimfungukia.

Kwanza ni salamu. Huingii kilabuni na kwenda moja kwa moja kwenye pipa. Unasalimia benchi hadi benchi, wazee kwanza. Mzee anaitwa meku, naye anakuuliza unatoka wapi na wewe ni wa nani. Kwa mtu wa mjini maswali hayo yanaweza kuonekana kama upekuzi. Kwa kweli ndiyo usajili wako. Ukishasema wewe ni mtoto wa fulani wa Mwika, au ni mgeni kutoka Voi umekuja na mzigo wa sufuria, tayari una mtu anayewajibika kwako.

Pili, mwenye pombe anaonja kwanza. Mama akichota, anakunywa kidogo mbele yako kabla hajakupa. Ni desturi ya kale, ya kuonyesha kwamba hakuna kibaya ndani. Hebu ilinganishe na mtu anayenunua pombe iliyofungwa na mtu asiyemjua, ikatengenezwa mahali asipopajua. Mei 2014, upande wa Kenya, makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Mkenya anaiita chang'aa, Mtanzania anaiita gongo, na ile iliyotiwa kemikali mnywaji hawezi kuitambua kwa macho. Kilabu ambacho mpishi haonji, au hawezi kukuambia alipika lini, ondoka.

Tatu, anayemnunulia mwenzake hamlazimishi. Katika kilabu chenye adabu mtu anaweza kusema "mimi leo imetosha" na mazungumzo yakaendelea. Ukiona mahali ambapo kukataa kikombe ni tusi, jua kwamba hapo watu wanakunywa kwa ushindani, na familia zao ndizo zinazolipa.

Mama mwenye kilabu

Katika kilabu mwenye mamlaka ni mama anayeuza. Anajua nani ana mgonjwa nyumbani, nani kauza mbuzi leo, nani ada ya mtoto wake haijalipwa. Daftari lake la madeni ni kumbukumbu ya mtaa mzima. Na hapo ndipo penye mtihani wake mkubwa.

Tuseme ukweli bila kumwonea mtu. Mama huyu naye ana watoto. Fedha ya mbege ndiyo iliyosomesha wengi katika mkoa huu wa Kilimanjaro, wakiwamo baadhi ya wale ambao leo wanaidharau. Lakini shilingi inayolipa ada ya mtoto wake inatoka mfukoni mwa baba wa mtoto mwingine. Akiuza bila kuangalia, anamsomesha wake kwa daftari la mwenzake. Akikataa kila mtu, jiko lake halitawaka.

Mama mwenye kilabu kizuri anaipita njia hiyo nyembamba kwa njia ambazo hazijaandikwa popote. Hamkopeshi mtu zaidi ya anavyoweza kulipa. Anampa chakula kabla ya kikombe cha tatu: mtori, ndizi na nyama, kipande cha ndizi choma, chochote kilichopo. Mtu akianza kurudia hadithi ile ile, anamwambia kwa sauti ya chini, "Baba fulani, nenda ukalale, kesho ipo." Na kama mguu hauko sawa, anamwita kijana wa bodaboda anayemfahamu, amfikishe hadi mlangoni. Hivyo ndivyo jirani anavyofanya, na biashara yake inadumu kwa sababu hiyo.

Kumbuka anavyomwita: Baba fulani, kwa jina la mtoto wake. Mlevi anayeitwa kwa jina la mwanawe anakumbushwa mara moja kwamba ana nyumba. Baa ya barabarani ingemwita "bosi" hadi noti ya mwisho.

Alichokitafuta Mwingereza

Mwaka 1946 mwandishi wa Uingereza, George Orwell, aliandika katika gazeti la London makala kuhusu baa anayoipenda kuliko zote. Aliipa jina, akaeleza sifa zake 10, na mwishoni akamwambia msomaji kwamba baa hiyo haipo, ni ya kuwazika tu. Kati ya sifa alizozitaka ni utulivu wa kutosha watu kuzungumza bila redio wala piano, wahudumu wanaowajua wateja kwa majina, wateja wa kila siku wanaokaa viti vile vile, na bustani ambako familia nzima inaweza kuja, ili baba asiende peke yake na mama kubaki nyumbani na watoto.

Mtu wa Holili akisoma orodha hiyo atatabasamu. Utulivu, majina na viti vya kila siku vipo nyuma ya nyumba ya mama, chini ya bati. Hilo la mwisho, la familia, ndilo gumu. Kwetu mtoto hana nafasi kilabuni, na tusilegeze hilo hata kidogo. Mtoto kutumwa kufuata pombe, au kumsubiri baba benchini hadi usiku, ni somo baya linalotolewa bure. Lakini wazo lililo nyuma yake ni la maana: mahali pa kunywea pasiwe pango la kuwakimbia wa nyumbani. Mke aweze kupita pale jioni, akasalimia, akakaa kidogo, akanywa soda au nusu kikombe chake akipenda, na asionekane amekuja kufumania.

Vilabu vingi vya Uchagani vilikuwa hivyo. Mbege ilinywewa na wanawake na wanaume, kwenye posa, kwenye harusi, kwenye matanga, na kwenye kikao cha ukoo cha kupatanisha ndugu. Ilikuwa na shughuli, na shughuli ina mwanzo na mwisho.

Yanayokiharibu

Katikati ya miaka ya 2010, Rombo iliandikwa sana magazetini kwa ajili ya ulevi. Viongozi wa wilaya walilalamika hadharani juu ya wanaume wanaoanza kunywa asubuhi na kuacha mashamba na ndoa zao. Habari zile nyingine zilitiwa chumvi na kugeuzwa mzaha, na watu wa Rombo waliumia kuchekwa nchi nzima. Lakini chini ya mzaha kulikuwa na akina mama waliokuwa wakilima peke yao, na hilo halikuwa la kuchekesha.

Wakati ule viroba, yaani pombe kali iliyofungwa kwenye vipakiti vya plastiki, viliuzwa hadi kwenye vibanda vya vocha. Kijana alinunua kimoja, akakitia mfukoni, akanywa akitembea. Hakuhitaji benchi, wala salamu, wala meku wa kumuuliza yeye ni wa nani. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Pamoja na madhara ya kiafya, viroba vilikuwa vimefanya jambo jingine lisilosemwa sana: vilimwondoa mnywaji mbele ya macho ya watu. Mtu anayekunywa peke yake mfukoni hana wa kumwambia imetosha.

Kiharibifu cha pili ni kelele. Spika kubwa ikiwekwa kilabuni, mazungumzo yanakufa, na mtu asiyeweza kuzungumza anabaki na kazi moja tu, kunywa. Cha tatu ni mashine za kubahatisha. Zikishaingia, watu wanageuza migongo na kila mmoja anaangalia sarafu zake. Cha nne ni saa. Kenya ilitunga sheria mwaka 2010, watu wakaibandika jina la Mututho, iliyotaka baa zifunguliwe saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana mwishoni mwa wiki. Upande wetu pia sheria ya vileo inaweka saa za kuuza. Tatizo ni pale mwenye biashara anapofungua mlango wa nyuma saa 2 asubuhi. Kilabu cha asubuhi hakiwezi kuwa kizuri hata mbege yake iwe tamu namna gani, maana wanaokaa hapo wamekwisha kuiacha kazi ya siku.

Na katika mji wa mpakani kuna la tano: ugeni. Mtu aliye mbali na kwao hujiona hana macho ya kumwangalia. Kwa hiyo kilabu cha Holili kina kazi ya ziada ambayo kilabu cha kijijini juu mlimani hakina. Kinapaswa kumfanya mgeni awe jirani kwa jioni moja. Ndiyo maana yale maswali ya meku ni muhimu. Dereva akishajulikana jina na anakotoka, na akaambiwa na benchi zima kwamba kesho ana safari ya alfajiri, ni vigumu kwake kunywa hadi usiku wa manane.

Mtihani wa kukipima

Kama una mume, kaka, baba au mtoto mkubwa anayependa kwenda kukaa mahali, usianze na ugomvi. Anza kwa kupajua mahali hapo. Pitia siku moja, msalimie mama mwenye kilabu, kisha jiulize mambo haya. Je, anamjua mtu wako kwa jina, na anajua nyumbani kwenu? Kuna chakula kinachopikwa pale? Mnaweza kuzungumza bila kupiga kelele? Pombe inaisha na watu wanaondoka, au haiishi kamwe? Mtu akisema imetosha, anaachwa? Akianguka njiani, nani atakuja kubisha kwako?

Kama majibu ni mazuri, mtu wako yuko mikononi mwa watu, na hata wewe utalala. Kama ni mabaya, usipigane na pombe peke yake. Zungumza naye juu ya mahali, na juu ya wale anaokaa nao. Mtu anaweza kukataa katakata kuambiwa aache kunywa, lakini akakubali kuhama benchi.

Na kwa wewe unayekunywa: siku moja ukitoka, mwambie mama watoto au baba watoto jina la mahali unapokwenda, na saa utakayorudi. Kama jina hilo linakuwa zito mdomoni, kilabu chako umekwisha kukipima.